Mkono wa Mkwe

Mama Osewe, nimeharibu. Leo sokoni Ikonge, mbele ya watu wote.

Wanafunzi wa chuo walileta kamashine ka kufinya. Wanataka kujua kama mwanamke na mwanaume huweza kutuliza nguvu ya mkono sawa. Unafinya kidogo tu, unashikilia hivyo hivyo ili mstari kwenye simu yao utulie. Wetu sisi wanawake wachuma chai ukatulia kama maji ya mtungi. Wa wanaume ukarukaruka kama panzi.

Mdomo wangu unaujua. Nikasema kutoka nyuma, kwa sauti, "Nguvu ya kuvunja mnayo, ya kushika polepole hamna. Wake zenu nawapa pole."

Watu wakacheka wakashika mbavu. Aliyekuwa anafinya akageuka.

Onyiego. Mume wa binti yangu Gesare.

Mkwe, Mama Osewe. Mkwe ambaye kwetu hata mkono hatupeani, nami nimemtania mambo ya chumbani. Akaweka kamashine chini, akaenda zake.

Gesare amenipigia sasa hivi. Nikajitetea eti mkono wake ulikuwa unatetemeka.

Akanijibu polepole, "Mama, anasema mkono wake ulikuwa umetulia kabisa, mpaka aliposikia sauti yako."