Mashine Iliyokitazama Kichwa Changu

Dada yangu Konsolata,

Mwakeye. Natumaini hamjambo wewe na mama, na kwamba mvua ya Kibondo imewaachia maharage ya kutosha. Mimi huku Dar es Salaam bahati imenifuata mpaka kijiweni kwetu madereva wa bajaji. Katika jiji zima, wenye bajaji na wenye magari ya kifahari, madaktari wamechagua kichwa changu kipigwe picha kifundishe mashine. Mwambie yule mwalimu aliyesema kichwa changu kitupu: kimetazamwa, kimejaa.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu mama husikia yote. Uliniambia anakuita kwa jina la marehemu bibi, chumvi anatia mara tatu, na baba mdogo Barnaba keshasema mama karogwa, anataka kumvusha mpaka pale Manyovu, kwa mganga wa Burundi. Dada, mzuie.

Mashine yenyewe ni kama tanuri la matofali. Unaingizwa kichwa kwanza, inagonga kama fundi wa mabati aliyekosana na mkewe. Picha ikitoka, kompyuta inaitazama. Imeonyeshwa vichwa vingi, vya wanaosahau kwa ugonjwa na vya wazima, mpaka ikajua tofauti, kama wewe unavyotupia jicho gunia la maharage pale sokoni Kasulu ukajua limeingia wadudu. Ila vingi ilivyojifunzia ni vya Wazungu, ndiyo maana wanatafuta vya kwetu.

Daktari mmoja ni abiria wangu wa kila asubuhi. Nikamuuliza kama mama anaweza kuja kupimwa peke yake, mkimkabidhi kwa kondakta wa basi. Akacheka.

"Mashine itanionyesha ubongo wake umesinyaa wapi," akasema. "Haitaniambia mama yako alikuwa mtu wa namna gani. Mlete na anayeishi naye."

Nikamwambia huyo ni dada yangu, na ajiandae, maana akianza kueleza hamalizi.

Dawa ya kumponya hakuniahidi. Lakini tukijua ni ugonjwa, hakuna atakayemchanja mama chale, wala jirani atakayesingiziwa uchawi. Basi njooni wote wawili. Kitanda changu ni chenu, mimi nitalala kwenye bajaji kama mfalme.

Nisalimie shemeji, fundi wetu wa baiskeli, na shangazi wa Kasulu mwenye duka la kanga. Baba mdogo naye mwambie simchukii. Anamhangaikia shemeji yake kwa akili aliyo nayo. Mama mwamkie kwa niaba yangu mara tatu. Akiisahau ya kwanza, ataifurahia ya tatu.

Ni mimi mdogo wako mwenye kichwa,
Eliasi

Dada, hakuna aliyenichagua. Siku moja niliipita hospitali na abiria ndani, sikumbuki nilikuwa nakwenda wapi. Nikaogopa kwamba ya mama yamenifikia, nikaenda mwenyewe kuwaomba wanitazame. Kichwa ni kizima. Bahati ndiyo niliyoitunga.