Tumbo Langu na Mguu wa Winfrida

Rusimbi,
Kigoma-Ujiji.
Jumapili, 9 Juni 2024.

Mpendwa Mama Mdogo Leonia,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umejifunika vizuri, maana Juni ya huko Songea haina huruma na mtu aliyekulia kwenye joto la ziwa. Kifua chako kinaendeleaje? Na baba mdogo Feliksi, ameshapata ile miwani, au bado anamsomesha Elia magazeti? Niambie pia kama mahindi yamekubali mwaka huu.

Huku mvua zimekatika na dagaa wanapatikana mwaloni Kibirizi, kwa hiyo Gervasi ana kazi. Kuhusu uzima, mama, siwezi kukudanganya. Tunaamka, tunalala, basi.

Juzi nilipokupigia ulisikia kilio tu, halafu nikakata. Nisamehe. Ndiyo maana nimeamua kuandika, kwa sababu kalamu hailii. Najua dada yako, yaani mama yangu, ameshakueleza kwa namna yake. Naomba usikie na kwangu.

Unanikumbuka nilivyokuwa ulipokuja kwenye msiba wa babu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi peke yangu, nikalijaza. Watu walikuwa wakisema Gervasi anajua kutunza mke. Hawakuona usiku nilivyokuwa nalala nimeegemea mito ili nipate pumzi. Kisukari kilikuwa kimepanda, presha imepanda, na kwenye cherehani nilikuwa siwezi kukanyaga mguu ukaniitika. Nilijaribu kuacha ugali wa muhogo, nikaacha mawese, nikatembea asubuhi mpaka Mwanga kwa miguu. Napungua kidogo, kisha narudi kule kule na kuzidi. Mwishowe daktari akaniambia kuna operesheni ya kupunguza mfuko wa chakula, inafanyika Dar es Salaam, na kwa hali yangu inaweza kuniokoa. Tulikaa na Gervasi tukaongea, tukaomba, nikaenda. Watu tuliwaambia nafuata matibabu, tukaishia hapo. Hata mama sikumwambia, kwa kuwa nilijua angelala mlangoni nisitoke.

Operesheni ilikwenda salama. Sukari ilishuka, dawa nyingine nikaachishwa, nikaanza kulala chali kama binadamu wengine. Kwa muda mfupi nilifurahi, mama mdogo. Nakuambia hilo ili ujue kwamba furaha ilikuwepo.

Lakini nilikonda haraka, na nywele zikanyonyoka, jambo ambalo madaktari walikuwa wameniambia litatokea kisha litapita. Hapa kwetu unajua mtu mnene akikonda wanasema nini. Hakuna aliyeniuliza. Waliamua tu kwamba nina ngoma, UKIMWI wenyewe, na Gervasi ndiye aliyeniletea kutoka safari zake za kuuza dagaa. Kibirizi wenzake walimwambia aanze dozi mapema.

Na hapo ndipo nisipopaelewa mpaka leo. Walipoamini naumwa ugonjwa huo, walinipenda. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani walikuja na uji wa ulezi, wakanikandia miguu, wakafunga na kusali kwa ajili yangu. Mwenyekiti wetu, Mama Meshack, alilia mbele yangu machozi ya kweli. Mama aliacha shamba Kasulu, akaja kulala kwenye mkeka kando ya kitanda changu. Nilimwambia, "Mama, siumwi, napona." Akanifunika shuka na kusema, "Ndiyo mwanangu, unapona," kwa sauti ile wanayosemeshwa nayo watu wanaokufa.

Kuna waliokuwa wananionea huruma kwa mbali. Wifi yangu Happiness, dada yake Gervasi, alifanya sherehe mwanawe alipopokea komunyo ya kwanza. Tulikaa, wali ukaja na samaki, migebuka ya kukaanga. Mimi sasa nakula vijiko vichache tu, nikizidisha natapika. Wifi akaona nimeweka kijiko chini. Akasema, wote wakisikia, "Mpeni wifi yangu ile sahani ya plastiki. Akimaliza aende nayo kwake."

Gervasi akasimama. Unamjua alivyo mpole, lakini siku hiyo alipaza sauti.

"Mke wangu hana ugonjwa wa kuambukiza mtu," akasema. "Alipasuliwa Dar es Salaam, tumbo likapunguzwa kwa ushauri wa daktari, na mimi nilikubali. Sahani yako ya plastiki kaa nayo."

Nikadhani sasa yamekwisha, kila mtu amejua, nitapumua. Kisha mmoja akacheka, na mwingine, mpaka waliokuwa jikoni wakatoka kuuliza kuna nini.

Wifi akasema, "Wenzio wanahangaika wapate cha kula, wewe umekwenda kukatwa ili usile!"

Mama Meshack hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Alinitazama kwa uchungu, akasema, "Kwa hiyo sisi tulikuwa tunafunga kumwombea mtu aliyejikondesha kwa hiari yake?"

Tangu siku hiyo hakuna wa jumuiya aliyekanyaga kwangu. Ugonjwa walinisamehe, mama mdogo. Kupona hawakunisamehe. Eti mimi ni mvivu, nilishindwa kujizuia mdomo nikakimbilia kisu. Eti nilitaka kurudi usichana nimkomoe mume. Eti nimerekebisha alichoumba Mungu. Wateja wangu wa kushona walianza kuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao kabla sijakata. Amebaki Fatu wa Ujiji, yule mwenye watoto watatu. Alikuja na kitenge chake akaketi, akasema, "Mimi nimepasuliwa uzazi mara zote tatu. Nani aliniambia ni mvivu wa kusukuma? Nipime, Honorata." Nilimpima huku nalia.

Mama alikuwa uani anachambua mboga walipomletea habari. Aliweka ungo chini, akapiga kelele, "Mawe we!" kama mtu aliyefiwa. Halafu akaniambia, "Mimi nililima kwa mgongo huu ili tumbo hilo lijae. Wewe umekwenda kulitupa." Alikunja mkeka wake, akarudi Kasulu siku hiyo hiyo bila kuniaga.

Yote hayo ningeyabeba. Sasa nikueleze la mdogo wangu Winfrida, ambalo limenivunja.

Winfrida kisukari chake ni kikali kuliko changu, na mwili wake ni mkubwa kuliko nilivyokuwa mimi. Alipoona nimepata nafuu alifurahi kuliko wote. Alikuwa anakuja baada ya vipindi pale shuleni anakofundisha, anafunga mlango, ananiambia, "Dada, nionyeshe." Namwonyesha makovu madogo tumboni, anayagusa kwa kidole. Daktari alikuwa amekubali na yeye apelekwe, na alipanga kwenda shule zikifungwa mwezi wa kumi na mbili mwaka jana.

Baada ya ile sherehe maneno yalifika mpaka chumba cha walimu. Walimuuliza, "Dada yako ametupa tumbo, wewe utatupa nini?" Akaja kwangu jioni, safari hii hakufunga mlango.

"Siendi tena, dada."

"Winfrida, usiwasikilize. Mimi niko hai."

"Uko hai na nani?" akaniuliza. "Nani anakuja kwako? Mimi nafundisha watoto wa watu, siwezi kutembea nachekwa. Bora ninenepe na heshima yangu."

Nyumba ilikuwa tupu kweli.

Mwezi wa nne mwaka huu kiatu kipya kikamchubua kidole. Hakumwambia mtu. Alikuwa anakifunga kitambaa na kuvaa soksi darasani, akiogopa wasije wakamcheka na yeye kama dada yake. Tulipokuja kunusa harufu, kidole kilikuwa cheusi na weusi umepanda. Sukari yake ilikuwa juu sana. Mwezi uliopita wamemkata mguu wa kushoto chini ya goti.

Sisemi kwamba operesheni ingemzuilia kile kidonda. Nilimuuliza daktari, akasema hilo hakuna awezaye kuapa, ila sukari ingekuwa na nafasi ya kushuka. Nafasi, mama mdogo. Hiyo ndiyo tuliyompokonya.

Wodini kwake hapapitiki. Wanajumuiya wote wapo, walimu wapo, hata wifi Happiness amekuja na chupa ya chai. Wanamsifu kwa uvumilivu. Mama amerudi kutoka Kasulu, analala chini ya kitanda chake. Nilipompigia magoti kumsalimia, aliitika "marahaba", kisha akasema bila kunitazama, "Wewe ndiye uliyeingiza kisu kwenye ukoo huu."

Jumatano nilikwenda na supu. Walikuwa wamemzunguka wanasali. Nilipita katikati yao nikakaa kitandani, nikamshika mkono. Mama Meshack alikuwa anamshukuru Mungu kwa kuwa Winfrida hakuwa na tamaa kama watu wengine, alipokea msalaba wake. Winfrida akafumbua macho. Akanivuta karibu, nikadhani anataka maji. Akaninong'oneza sikioni, "Dada, usinishike mbele yao."

Akautoa mkono wake.

Niliweka supu chini nikaondoka. Sijarudi tena. Gervasi ndiye anayepeleka chakula, mimi napika tu. Ninapika vizuri, mama mdogo, kisha nakaa jikoni na vijiko vyangu vitatu, na hata hivyo havishuki. Kuna wakati najiuliza kama nisingekonda, kama ningebaki kwenye lile benchi langu, Winfrida angeficha kidole chake? Gervasi ananikataza kuwaza hivyo. Yeye haambiwi na mama yake mzazi kwamba ameleta kisu.

Daktari amemwambia Gervasi kwamba mguu wa kulia nao una dalili mbaya. Anataka wakae na Winfrida waongee upya mambo yote, na ile operesheni ikiwemo akishapata nguvu. Winfrida amegeuza uso ukutani. Anasema ameshakatwa kile ambacho watu wanakubali, hataki kukatwa wanachokicheka. Mama anamuunga mkono.

Wewe ndiye uliyemlea Winfrida mpaka darasa la nne. Jina lako bado analitaja akishtuka usingizini. Sitegemei sana, nisikufiche. Nimeshachoka kutegemea. Lakini mguu mmoja umebaki.

Nisalimie baba mdogo Feliksi, Elia na mkewe, na wale mapacha ambao sijawaona. Gervasi anakuamkia sana. Na Fatu, ingawa hamjuani, ameniambia nikikuandikia nimtie kwenye salamu.

Mungu akulinde na baridi, akuongezee siku, maana ukoo huu umebaki na wewe tu wa kusikilizwa.

Ukipata barua hii, mama, usinipigie mimi. Mpigie Winfrida.

Ni mimi mwanao, ninayekupenda hata kwa unyonge huu,

Honorata