Panya mu Motokari ya Mama Odila

Nyabiondo, Jumanne, 1966

Tena kwa Mama Odila! Juma nzima bwana yangu Antoni anashinda kule, eti anatengeneza motokari. Tangu mume wa ule mama alikufa, motokari iko imesimama tu nyuma ya nyumba. Na mimi napika maharagi, yanapoa.

Leo nilimufuata. Nilimukuta ameinama mu kapo, pa injini, mujane amesimama karibu naye, amevaa kikwembe mupya. Antoni akavuta fungu la majani makavu. Panya za pori zikaruka! Mujane akapiga kelele, akakamata mukono wa bwana yangu. Hakuuachilia haraka. Niliona.

“Mama Rosa, kuja uone,” Antoni akaniita, hata hakushituka. “Hizi njo zilikula nyuzi zote za umeme.”

Mu kiota mulikuwa vitoto vyekundu, bila manyoya, vimelala juu ya pamba yenye panya zilitoa mu kiti cha dereva. Mama Odila akavitazama, akaanza kulia kweli.

“Bwana yangu alikuwa anakaaka pa ile kiti,” akamuambia Antoni. “Muviache, Papa Rosa. Motokari ibaki yao.”

Nilimushika bega. Nilimuhurumia, Mungu anajua, na nikafurahi kwamba kazi imeisha.

Lakini njiani Antoni akasema: “Maskini, nyumba yake inavuja pia. Kesho nitaenda kumuezekea.”

Kesho mimi mwenyewe njo nitamupokeza Antoni nyasi za paa, ao sivyo hakuna muntu atapanda pale juu.