Aliyetengeneza Breki Apande Nyuma

Mpendwa Mama Masika,

Pikipiki yako haijauzwa. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeliuliza kabla hata ya kunisalimu.

Kaka yako alileta mnunuzi wa vyuma chakavu wiki ileile binti yetu Masika alipopata kazi ya uuguzi kule Beni. Akagonga tangi kwa vidole na kusema, "Shemeji, hii piki ilikufa pamoja na mwenyewe. Uzisha." Ni kaka yako, lakini neno lile lilinichoma. Masika naye alitaka kwenda nayo Beni. Tatizo ni breki ya mbele. Ule mpira unaoteremsha mafuta kutoka usukanini hadi kwenye gurudumu ulikuwa umezeeka na kupasukapasuka. Ukibana kishikio, mpira unavimba na pikipiki inaendelea na safari zake. Nikamwambia binti yako wazi: breki ikishika, utakwenda nayo, isiposhika, itakwenda na mtu wa vyuma, nami sitaki kuona machozi.

Unakumbuka mafundi wa sokoni walivyokuogopa? Siku ile umetoka Vuhovi na magunia ya maharagwe, mmoja wao akataka kuuzungushia mpira wa breki ukanda wa kauchu uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, kama anafunga mzigo. Ukamwambia, "Frein hapana kitu ya kufunga na kauchu. Mimi niko na batoto." Alipoweka mpira mpya ukampa sharti ambalo baadaye Butembo nzima ililijua: "Weye njo umetengeneza? Panda nyuma." Ukamteremsha mlima mzima akiwa nyuma yako, mikono mitupu, hana breki ya kushika wala pa kutorokea. Ulikuwa ukisema fundi akijua atakaa nyuma, hukaza nati mara ya pili bila kuambiwa.

Na mimi nilikuwa abiria wako wa kudumu. Fundi cherehani mzima, nimekumbatia majora ya vitambaa mgongoni kwa mke wangu! Vijana wa pikipiki walipiga kelele, "Bibi njo anabeba bwana!" Wewe ukawapigia honi na kuwapita. Ulidhani naona haya kwa sababu nilikuwa nainamisha kichwa. Haya gani? Nilikuwa naficha kicheko. Nani mwingine mjini alikuwa na mke kama wewe?

Basi nikaamua kazi hii naifanya mwenyewe. Kaka yako aliponiona natoa futi yangu ya kushonea kupima urefu wa mpira, alishika kiuno akacheka: "Tailleur anapimia piki suruali!" Acha acheke. Mkono wa koti haupimwi mtu akiwa amenyoosha mkono tu. Unamwambia akunje kiwiko, la sivyo koti litambana siku ya kwanza ya kulivaa. Nikamwambia Masika akate usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, nikapima pale mpira unapovutika zaidi. Dukani wakanipa mfupi, wakaniambia, "Mzee, hii inatosha." Nikawarudishia. Mpira ule usukani ukiwa umenyooka ungekaa vizuri kabisa, na kwenye kona ya kwanza ungekatika. Nilirudi nyumbani na ule wa urefu wangu nikitembea kifua mbele. Ningefurahi kama ungenipokea mlangoni.

Tukaufunga, tukaweka vipete vipya vya shaba kila upande wa skrubu, tukamimina mafuta. Kisha ile kazi isiyofanywa na mtu mmoja. "Pompa! Kamata!" namwamuru Masika, anabana kishikio, nafungua kiskrubu cha chini, mafuta yanatoka na mapovu, nafunga, "Lâcha!" naye anaachia. Ndivyo ulivyokuwa ukiniamuru mimi. Tulirudia mpaka mapovu yakaisha na kishikio kikawa kigumu mkononi.

Nikapangusa mikono nikidhani tumemaliza. Masika akavaa kofia yako, akawasha, akanitazama kwa macho yako yaleyale.

"Papa, weye njo umetengeneza?"

Hakuhitaji kumalizia. Nilirudi kwanza kukaza skrubu zote mara ya pili, kisha nikapanda nyuma.

Mama Masika, niliogopa. Ule mteremko wa kwetu unaujua, na huyu mtoto anaendesha kama wewe. Nikasali Salamu Maria, nikaikatisha katikati nikaianza upya. Karibu na daraja akabana breki. Pikipiki ikainamisha pua, ikasimama pale alipotaka isimame. Pua yangu nayo ikagonga kofia yako. Masika akageuka akanishukuru kwa lugha ya kwetu: "Wasingya, Papa."

Vijana wa pikipiki walikuwa pale darajani, wengine kabisa, lakini mdomo ni uleule. Mmoja akaita, "Mzee anabebwa na mutoto mwanamuke!" Safari hii sikuinamisha kichwa. Nikamjibu, "Mama yake alinibebaka, sasa yeye ananibeba. Weye, ni nani anakubebaka?" Wenzake walimcheka mpaka akawasha akaondoka.

Jumatatu Masika aliteremka Beni nayo. Jioni akapiga simu: "Papa, nimefika. Frein yako inashika." Frein yako, alisema. Nililia, nisikufiche, kisha nikaenda kumweleza kaka yako.

Pumzika kwa amani, mama. Kiti cha nyuma bado ni changu, na sitamwachia mtu.

Abiria wako,
Papa Masika