Harusi ya Wanu na Muziki Usio na Maneno

Malindi, Unguja
9 Februari 1954

Mpendwa kaka yangu Muhiddin,

Shikamoo, na salamu za Mwenyezi Mungu zikufikie huko Mombasa. Vipi kifua chako? Wifi yangu kapata nafuu? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila goti langu nalo halijakubali kupona.

Kaka, shemeji yako kanichosha. Ilikuja sinema hapa mjini, ya picha za kuchora zinazotembea, na bendi kubwa ya Kizungu inapiga, fidla hazina idadi. Nami nilikwenda, onyesho la wanawake. Nilicheka, sikufichi; matone ya mvua yana miguu, yanacheza. Lakini mwanzo hadi mwisho hakuna aliyesema wala kuimba. Wenzangu wakawa wanaulizana hadithi itaanza lini, mpaka taa zikawaka.

Baba Wanu kaenda kuiona, karudi kuiona tena. Sasa akimaliza sala ya alfajiri anapunga mswaki hewani kama yule bwana anayeiongoza bendi. Nnamwambia avute uradi, ananuna, eti nimemkata njiani.

Hayo ningeyameza. Lakini harusi ya Wanu ni Rajabu, na babake ndiye mpiga fidla wa kilabu chao cha taarabu. Kawaambia wenzake kwa harusi ya mwanawe hataki mwimbaji, vyombo vitupu. Bi Mashavu, mwimbaji wao, kasusa. Sasa wanawake watainuka kutunza nini? Mtu hungoja neno lake liimbwe, akanyanyuka na noti yake, akamtazama anayemkusudia. Fidla inamkusudia nani?

Habari zikafika Fumba kwa wakwe. Mama wa bwana harusi, Bi Biasha, akaja, akanywa kahawa yangu taratibu, kisha akasema, "Harusi isiyo na maneno, Bi Mwanamwema, ni ya watu wenye la kuficha. Mwanenu ana nini?" Na Wanu yuko nyuma ya pazia, anasikia.

Jioni akamfuata babake. Unamjua, mtoto hana sauti. Akamwambia, "Baba, muziki wako nipigie mimi hapa nyumbani, kabla sijatoka. Kule niachie Bi Mashavu." Baba Wanu akavaa kofia, akaenda kumwomba Mashavu radhi, akafungiwa mlango. Nikaenda mimi, chai nilipewa, jibu sikupewa.

Ndiyo maana nakuandikia. Mashavu ni ndugu yako wa kunyonya, ziwa la mama mlilinyonya pamoja, na neno lako hajapata kulikataa. Mwandikie upesi, kwa mkono wako. Bi Biasha anangoja mwezi uandame. Akisikia Mashavu haimbi, posa anaitengua, na mwanangu atabaki na aibu isiyo yake.

Nisalimie wifi, na Hasan mwambie shangazi anamwombea. Mola akupe afya, akufikishe kwetu uwe mjomba harusini.

Baba Wanu anakusalimu. Anasema ukija umletee nyuzi za fidla. Nikabidhi mimi, atazipata harusi ikishapita.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ninayengoja posta,
Mwanamwema