Picha Niliyoifuta Nyarugusu

Shangazi mpenzi, shikamoo. Nakuandikia kutoka Nyarugusu, huku Tanzania, na uso sina. Jana nilikuta wachimbaji wakivuta kamba shimoni. Nikadhani wanatoa mawe ya dhahabu, nikapiga picha. Kumbe walikuwa wakitoa mwili wa kijana aliyefukiwa na kifusi. Wenzake wakanizingira kwa hasira.

Mwenyeji wangu, Mama Kulwa, akapiga magoti mbele ya mama wa marehemu. "Mgeni wangu amekosa, mama. Tusamehe."

Nami nikapiga magoti, nikaifuta picha mama huyo akiona.

"Ungeuliza kwanza, mwanangu," akasema yule mama, kisha akarudi kwa mwanawe.

Leo nimeshinda msibani, namenya viazi na wanawake wengine. Bado siwezi kumtazama yule mama usoni. Mungu akutunze hapo Mombasa, Shangazi. Nakukumbuka mno.

Mwanao, Zuhura