Milimita Nne za Mfuko wa Baba

"Simu ni simu tu, nunua yoyote, mpe mzee, yaishe." Hivyo ndivyo asemavyo dada yangu Heidrun, mpendwa Bi Irmtraud, na kabla sijakuomba ushauri hapa ukurasani kwako itabidi kwanza nimpinge, kwa sababu miaka thelathini sasa nimekuwa nikipinga watu, mikutanoni, kwenye barua kwa wahariri, hata kwenye foleni ya nyama, na sijui njia nyingine ya kuanza mazungumzo. Simu si simu tu. Simu janja inayotoka dukani ni mgeni anayekaa mfukoni mwako, anaandika ulikokwenda, uliongea na nani, ulikaa muda gani, kisha anapeleka habari kwa watu usiowajua.

Baba yetu, Mzee Siegmar, ana miaka themanini na mitatu, ni fundi mstaafu wa kukereza vyuma, anaishi peke yake na sungura wake kumi na wanne kijijini karibu na Döbeln, naye jambo hili analijua kuliko mimi niliyelisoma vitabuni, maana enzi za serikali ile ya zamani ya Ujerumani Mashariki jirani aliyecheza naye karata kila Alhamisi alikuwa akiandika ripoti juu yake kwa polisi wa siri, na majalada yao yalipofunguliwa baba alikuta humo kila kitu, alivyoilalamikia kahawa, nani alimtembelea, hata idadi ya sungura. "Yule mtu nilimlisha keki miaka kumi na moja," huwa anasema. "Mwingine simbebi mfukoni."

Basi Pasaka ya mwaka jana nilisimama mbele ya familia nzima, kijiko mkononi, nikaahidi kumtafutia simu ndogo ya mtumba, ya bei nafuu, niung'oe mfumo iliotoka nao kiwandani na kuweka mfumo endeshi mwingine, ule unaotengenezwa na watu wa kujitolea, usiomripoti mtu kwa yeyote. Ndogo, kwa sababu baba anataka ikae kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli lake, pamoja na penseli na miwani. Baba akasema, "Haya mwanangu, nasubiri." Imepita miezi kumi na mitano.

Simu ya kwanza ilikuwa ndogo na nzuri, lakini mara ya kwanza ilikuwa imeuzwa na kampuni ya simu iliyoitia kufuli lisilofunguka, kwa hiyo mfumo mwingine haupandi, jambo ambalo nililijua vizuri sana, nilikuwa nimeliandikia makala ya kurasa sita nikiwaonya wengine, kisha nikainunua mwenyewe bila kuuliza. Ya pili ilifunguka, ila wale wa kujitolea wakatangaza kwamba hawatengenezi tena masasisho yake ya usalama, wiki tatu baada ya mimi kuilipia. Ya tatu ilikuwa na kila kitu, masasisho ya miaka mitatu mbele, betri nzima, bei chini ya yuro mia na ishirini, nikaweka mfumo mpya, ukawaka, nikatokwa na machozi, nasema kweli, halafu nikachukua rula. Imeuzidi mfuko kwa milimita nne. Nikaitia kwenye droo.

Hapo ndipo nilipohamia kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wa mambo haya, watu makini, wote wenye majina ya bandia, nami nimeandika humo mara mia nne na kumi na mbili, maana mtu hashauriwi vizuri bila kueleza mahitaji yake, nimewaeleza upana wa mfuko, vidole vya baba vinavyotetemeka, kwamba anaishi peke yake, kwamba gari la mikate hupita Jumanne na Ijumaa saa nne asubuhi na siku nyingine hapiti mtu, nao wameguswa kweli, wengine huulizia hali ya sungura mmoja mmoja kwa jina.

Mwezi uliopita baba alianguka bandani kwa sungura. Alilala chini kwa muda wa saa tano, nyonga imevimba, akiisikia simu ya mezani ikilia ndani ya nyumba, ni Heidrun alikuwa anapiga. Aliyemwokota ni mama wa gari la mikate. Hospitalini dada hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Profesa," aliniambia, "milimita nne. Ingia ukamwambie baba hizo milimita nne zako."

Baba akaitikia kutoka kitandani, "Mwache mwenzio, Heidrun. Bado anachagua."

Heidrun amenipa hadi Jumapili. Ikipita, atamnunulia ile kubwa inayong'aa ya dukani, na baba ameshasema hiyo ataifukia chini ya viazi, maana yake atabaki bila simu yoyote ya mfukoni, na akianguka tena si kila siku ni Jumanne. Sasa nimeona nyingine inauzwa Chemnitz, fupi kuliko zote, ingawa kamera yake ina walakini. Niifuate?

Volkmar

*

Volkmar, kaa chini. Hapana, simama, kukaa umekaa vya kutosha.

Dada yako amekosea, na wewe umekosea. Tofauti ni kwamba yeye amekosea kwa sentensi moja. Baba yako yuko sahihi kabisa. Mtu aliyeuzwa na mcheza karata mwenzake hadaiwi maelezo na yeyote, na anayemcheka aje anicheke mimi. Wala sikuhukumu kutoka juu. Nina droo kama yako, ina simu tano, nina rafu nzima ya vitabu kuhusu udukuzi, na mama yangu akinitafuta humpigia jirani. Ugonjwa wako naujua kwa kuuugua.

Lakini isome tena barua yako. Ripoti ya jirani ilikuwa na idadi ya sungura. Yako ina majina yao, vidole vya mzee, upana wa mfuko wake, na siku ambazo akipiga kelele hakuna wa kumsikia. Jirani aliandikia ofisi moja. Wewe umeandikia dunia nzima, bure, na hukuulizwa. Kabla ya kuichapisha barua hii nimebadilisha jina lako, la dada yako, la baba yako, kijiji, siku za mikate na hesabu ya sungura. Imenichukua dakika tatu.

Chemnitz huendi. Simu ya baba yako ni ile ya tatu, iko kwenye droo, ichaji leo. Weka namba tatu tu: yako, ya Heidrun, ya daktari. Jumamosi asubuhi ipeleke, pamoja na sindano na uzi, kwa sababu mfuko hupanuliwa, Volkmar! Mzee huyo amekereza vyuma maisha yake yote kwa vipimo ambavyo rula yako haivioni, na katika miezi kumi na mitano hukumpa hata simu moja aishike. Mpe aishike. Aseme yeye kama inafaa.

Kisha nenda bandani, lala pale alipoanguka, na umpigie Heidrun ukiwa chini, ujue kama mtandao unafika. Baba akikucheka, mwache acheke.

Akishamaliza kucheka, mwambie ulichoandika kule jukwaani. Chote, kwa mdomo wako, ukimtazama. Jirani yake hakuwahi kufanya hivyo. Halafu ufute, kuanzia posti ya kwanza hadi ya mia nne na kumi na mbili.

Na nyinyi wenye majina ya bandia, najua mnausoma ukurasa huu, maana kila Jumatatu mnaniandikia kunisahihisha. Mlimnukuu mzee huyu, mkamjadili, mkamhifadhi, huku mkihubiri faragha kutwa nzima. Futeni kila mstari mlionao juu yake kabla ya Jumapili saa sita mchana. Sungura nao muwafute.